Usonji nyumbani, shuleni na mtaani Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wazazi, walimu wa shule na wa madrasa, na wakati mwingine kwa majirani wanaotaka kusaidia. Majibu yameegemea utafiti uliochapishwa, hasa ule uliofanywa hapa Pwani na ule uliojaribiwa katika nchi zenye wataalamu wachache kama yetu. Msimamo wetu tuuseme mapema: mtoto mwenye usonji asiwekwe foleni akimngojea daktari bingwa huku siku zinapita. Msaada mkubwa unaweza kuanza kwa watu wanaoishi naye, wanaomfundisha na wanaocheza naye, na ushahidi wa hilo unazidi kuongezeka.

Usonji ni nini hasa?

Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na huanza kabla mtoto hajazaliwa. Huonekana katika mawasiliano na watu, katika kupenda mambo yaende kwa mpangilio uleule, na katika namna mtoto anavyohisi sauti, mwanga, harufu na mguso. Kuna asiyesema kabisa, na kuna anayesema mfululizo kuhusu meli za bandarini bila kujua kwamba umeshachoka kusikiliza. Wote wawili wana usonji, ila hawahitaji msaada wa kiwango kimoja.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule yenye wanafunzi elfu moja ingekuwa nao wanane hivi. Mwalimu mkuu anayesema shuleni kwake hayupo hata mmoja, yaelekea anao na hawajatambuliwa, au wamefichwa nyumbani.

Jamaa wanasema ni jini, au ni jicho la hasidi. Nifanye nini?

Hauko peke yako. Joseph Gona na wenzake wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust cha Kilifi waliwahoji wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa, wa dini na jamii mbalimbali, na mwaka 2015 wakachapisha waliyoyasikia. Watu walitaja mapepo, uchawi na laana, na papo hapo wakataja maradhi, matatizo wakati wa kujifungua na lishe duni. Mzazi huyohuyo alikuwa akienda hospitali, kwa mganga na kwa viongozi wa dini. Mtu anayehangaika na mwanawe hugonga kila mlango, na hatumlaumu yeyote kwa hilo.

Kumsomea mtoto dua, au kumwombea kanisani, hakumdhuru, na mzazi hupata utulivu anaouhitaji. Pana mambo matatu lakini ambayo hatuyanyamazii. La kwanza ni kumpiga au kumfunga kamba mtoto kwa nia ya kumtoa shetani. La pili ni kumfukiza moshi au kumnywesha dawa zisizojulikana. La tatu, na ndilo linaloua, ni kuachisha dawa za kifafa kwa sababu aliyemtibu amesema ziachwe. Kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya watoto wengine, na dawa zake hazikatizwi ghafla. Ukienda kusomewa, nenda na dawa zako mkobani.

Kuhusu chanzo, utafiti mkubwa wa mwaka 2019 uliowafuatilia watoto zaidi ya milioni mbili katika nchi tano ulionyesha kwamba asilimia 80 hivi ya uwezekano wa kuwa na usonji inahusiana na urithi wa vinasaba. Hakuna alichokula mama wala jicho la jirani katika hesabu hiyo. Zamani baadhi ya madaktari wa Ulaya na Marekani waliwalaumu akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Dhana hiyo ilitupwa miaka mingi iliyopita, na inasikitisha kuwa mama wa Likoni au Changamwe bado analaumiwa na mawifi zake kwa maneno yaleyale.

Je, chanjo ndiyo iliyomfanya hivyo?

Hapana. Madai hayo yalitokana na makala ya mwaka 1998 ya daktari Andrew Wakefield kuhusu chanjo ya surua, iliyohusu watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida lililoichapisha liliifuta, na yeye akafutwa kwenye sajili ya madaktari Uingereza. Watafiti wa Denmark waliwafuatilia watoto 657,461, na mwaka 2019 wakaripoti kwamba waliochanjwa surua hawakuwa na usonji zaidi ya wasiochanjwa. Mpeleke mdogo wake akachanjwe.

Nashuku mwanangu ana usonji. Hapa Mombasa nianzie wapi?

Anza na masikio. Mtoto asiyeitika jina lake huenda hasikii vizuri, na hilo lazima lijulikane kwanza. Kisha nenda zahanati au hospitali ya karibu uombe barua ya kupelekwa hospitali kuu ya rufaa ya Coast General. Wakati huohuo, usingoje jibu la huko, mpeleke kwenye kituo cha tathmini ya elimu, kile ambacho walimu hukiita EARC. Vituo hivi vilianza Kenya mwaka 1984, na kazi yake ni kumpima mtoto na kupendekeza shule inayomfaa. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu.

Baadaye fuatilia kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wazazi wengine huikwepa wakihofia mtoto kutiwa alama. Uchungu huo tunauelewa, ila kadi hiyo ndiyo inayofungua njia ya misaada ya serikali, na jirani hawezi kuiona usipomwonyesha.

Hatuna pesa za mtaalamu wa usemi. Kuna la kufanya nyumbani?

Lipo, na ndilo lenye matumaini makubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, likiwahusisha watoto 65 wa miaka 2 hadi 9. Waliowafundisha wazazi hawakuwa madaktari bali wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Wazazi walijifunza kufuata kile mtoto anachokitazama badala ya kumvuta kwenye wanachokitaka wao. Baada ya miezi kadhaa, wazazi hao walikuwa wakiwajibu watoto wao kwa namna inayokwenda sambamba na mtoto, na watoto nao wakaanza kuwatafuta wazazi wao ili wawasiliane.

Shirika la Afya Duniani nalo limetengeneza mafunzo ya walezi wa watoto wa umri huohuo, yenye vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani. Si lazima mtoto awe na cheti cha daktari ndipo mzazi ajiunge. Mafunzo haya yamefanyiwa utafiti Ethiopia na hapa Kenya, na watafiti wa Kilifi wamo.

Yanavyofanyika ni hivi. Chukua wakati wa kuoga. Mtoto ameketi kwenye beseni na anapenda maji ya mgongoni. Unachota kwa kopo, unasema "maji", unamwagia. Unarudia mara mbili tatu kwa maneno yaleyale, hadi azoee. Kisha unachota, unainua kopo, unanyamaza. Usimwambie "sema maji". Ngoja tu, ukimtazama kwa uso wa furaha. Ataguna, au atakushika mkono, au atakutupia jicho mara moja. Hilo ni ombi. Sema "maji!" na umwagie hapohapo, ili ajue kwamba kuguna kwake kumesikika. Wazazi wengi hushindwa kwenye ule ukimya, maana sekunde kumi za kungoja ni ndefu mno na mdomo unawasha. Vumilia. Ukishaweza bafuni, fanya hivyohivyo kwenye mahamri ya asubuhi, ukimkatia kipande kidogo badala ya kumpa zima, na kwenye bembea.

Bibi, shangazi na dada wa kazi nao wafundishwe. Mtoto hakai na mama peke yake.

Nikimzoesha picha, si hatasema tena?

Hofu hii tunaisikia karibu kila mkutano. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yaliangalia watu wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa kuwasiliana kwa picha, ishara au vifaa. Hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua kwa sababu hiyo, na wengi wao usemi uliongezeka. Mtoto akiona anaweza kueleweka, hamu ya kuwasiliana hukua na kelele hupungua.

Piga kwa simu picha ya kikombe chake mwenyewe, choo chenu mnachotumia, kiti chake, viatu vyake. Chapisha saiba, ubandike kwenye vipande vya boksi na uvifunike kwa selotepu ili visilowe jasho. Picha za vitu vyake humwingia haraka kuliko michoro ya kutoka intaneti, kwani tufaha jekundu la kwenye mchoro halimhusu mtoto aliyezoea maembe.

Shule imemkataa mwanangu. Wana haki?

Hawana. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 54 kinamhakikishia mwenye ulemavu nafasi katika taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii kadiri inavyomfaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu anapoomba nafasi, na inakataza pia viboko. Mei 2025 ilitiwa saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua mahali pa ile ya 2003.

Kwa vitendo, usianze kwa ugomvi. Nenda na barua ya EARC, omba kuzungumza na mwalimu mkuu kabla ya muhula kufunguliwa, na umwandikie karatasi moja tu yenye mambo haya: anachokipenda, kinachomtia hofu, anavyoomba kwenda msalani, na cha kufanya akilemewa. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uipeleke ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mara nyingi kule kuomba maandishi tu hubadilisha mazungumzo.

Nina wanafunzi sitini darasani. Nitamsaidiaje mmoja?

Mwalimu, swali lako ni la haki, na anayekujibu kwa kukwambia "uwe na upendo" hajawahi kusimama mbele ya watoto sitini mwezi wa Machi chini ya bati. Pana mambo machache yasiyokula muda.

Ukutani, karibu na anapoketi, weka ratiba ya siku kwa picha, kuanzia juu kwenda chini: gwaride, hesabu, uji, Kiswahili, mchezo, nyumbani. Kipindi kikiisha, yeye mwenyewe aigeuze picha. Mtindo huu ulikuzwa tangu miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, na umedumu kwa sababu mtoto anayejua kinachofuata hana haja ya kupiga kelele kuuliza. Utashangaa wengine wangapi darasani wataitazama ratiba hiyo.

Muweke mbali na mlango na mbali na feni inayolia. Mwambie dakika chache kabla kwamba kengele inakaribia, au mruhusu atoke kabla haijapigwa. Mpe maagizo mafupi, moja baada ya jingine, ukimwita jina kwanza. Akipepea mikono au kujitikisa bila kumsumbua mtu, mwache, maana hivyo ndivyo anavyojituliza. Usimlazimishe kukutazama machoni ndipo uamini anasikia.

Kisha watumie wanafunzi wenzake, na hapa tunakuomba usome polepole. Mtafiti Connie Kasari na wenzake wa Los Angeles, Marekani, waliwajaribu watoto 60 wenye usonji wa miaka 6 hadi 11 waliokuwa kwenye shule za kawaida. Kundi moja lilifundishwa lenyewe namna ya kupata marafiki. Kwa kundi jingine, waliofundishwa ni wanafunzi wenzao: namna ya kumwona aliye peke yake uwanjani na namna ya kumkaribisha mchezoni. Matokeo yaliyotoka mwaka 2012 yalionyesha kuwa mafunzo ya wenzao ndiyo yaliyozaa matunda zaidi. Watoto wale walitajwa na wenzao kuwa marafiki mara nyingi zaidi, na upweke wa uwanjani ukapungua.

Kwa hiyo chagua watatu wanne wenye roho nzuri, si lazima wawe wa kwanza darasani. Wafundishe wakati wa mapumziko: mkaribie kwa mbele usimshtue, mwonyeshe mchezo kwa mikono, ngoja, na akiondoka usimfukuze, mwite tena baadaye. Faida ya pili ni ulinzi. Uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali mwaka 2016 ulionyesha kuwa zaidi ya wanne kati ya kumi miongoni mwa wanafunzi wenye usonji huonewa shuleni. Mwenye marafiki hachokozwi ovyo.

Shule maalumu au ya kawaida, ipi bora?

Hakuna jibu moja, na utafiti haujampa ushindi mmoja wao. Mtaala wa sasa wa Kenya una njia ya kawaida na njia ya hatua, ile ya wasioweza kufuata mtaala wa kawaida, inayoanza na msingi, ikaja ya kati, ya awali ya ufundi, kisha ufundi. Tazama mwalimu kuliko kibao cha langoni. Nenda siku ya kawaida bila taarifa. Ukimkuta mtoto amekaa pembeni tangu asubuhi hana la kufanya, ondoka, hata pawe na sifa kiasi gani.

Na madrasa? Ustadh anasema anavuruga wenzake.

Kwa watoto wengi wa Mombasa, chuoni, yaani madrasa, ni mahali muhimu sawa na shuleni, na mtoto aliyetolewa chuoni hujua ametolewa na jamii. Shida kubwa mara nyingi ni sauti, kwa kuwa watoto thelathini wanaosoma kwa pamoja chumbani ni zito kwa masikio yake. Mruhusu aketi barazani karibu na mlango, au aje nusu saa kabla ya wenzake. Baadhi ya watoto hawa wana kumbukumbu kali ya kusikia na huhifadhi sura upesi. Wengine sivyo, nao wana haki ya kuwapo. Udhu unafundishika vizuri kwa picha zilizopangwa juu ya bomba, kiungo baada ya kiungo. Yanayohusu wajibu wa kidini wa kijana asiyeelewa maagizo, muulize sheikh wako, na umweleze hali yake kwa ukamilifu.

Akiwa sokoni au kwenye matatu hulala chini akapiga mayowe. Watu wanasema nimemdekeza.

Huo si utundu. Marikiti saa nne asubuhi kuna harufu ya samaki na viungo, mikokoteni, wapiga debe, na mikono ya watu wanaokugusa ukipita. Kwa mtoto ambaye ubongo wake hauchuji mambo hayo, mwili hufika mahali ukashindwa. Akishafika hapo haelewi maneno wala vitisho. Punguza maneno, msogeze kivulini, simama kati yake na watu, ngoja. Usimpigie picha, na mwombe anayepiga aache.

Kabla ya safari, mwonyeshe picha za hatua zote: tuktuk, feri, ngazi, nyumba ya bibi. Mvalishe kofia au kizuia sauti cha masikioni. Panda feri ya Likoni nje ya saa za msongamano ikiwezekana, na simameni mbali na honi.

Kwa majirani na makondakta: maneno yanayosaidia ni "Mama, nikushikie mzigo?" Mengine yote yaweza kungoja.

Anatoroka nyumbani, nasi tuko karibu na bahari.

Hili ni la haraka kuliko yote. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2012, karibu nusu ya watoto wenye usonji walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka minne, na miongoni mwa waliopotea kwa muda wa kutisha, takriban robo walikuwa katika hatari ya kuzama majini. Maji huwavuta. Weka komeo juu asikofikia. Mshonee namba ya simu ndani ya nguo. Mjulishe mzee wa mtaa, mlinzi wa geti, mwenye duka na wavuvi wa ufuoni, na uwaonyeshe picha yake kabla hajapotea. Akipotea, wa kwanza wakimbilie majini: ufuoni, kisimani, kwenye bwawa la hoteli. Na mfundishe kuogelea, kwa nguo za kawaida pia.

Binti yangu ana miaka 14. Shuleni ni mtulivu, akifika nyumbani hulia. Yaweza kuwa usonji?

Yaweza. Wasichana hugunduliwa kwa kuchelewa, wengi wao kwa sababu hujifunza kuiga wenzao na kuficha wanavyojisikia, na kujificha huko kunachosha mno. Wasiwasi mkubwa huwapata karibu wanne katika kila kumi ya watoto na vijana wenye usonji. Usidhani ni balehe tu. Mpe saa moja ya ukimya akirudi, bila maswali wala kazi, kisha tafuta tathmini.

Mabadiliko ya mwili yaelezwe mapema na waziwazi. Mfundishe kutumia pedi kwa kuzoea kabla ya hedhi yenyewe, kwa picha na kwa pedi ya kweli. Wavulana nao waambiwe lipi ni la faraghani na lipi la mbele za watu. Wote wafundishwe majina halisi ya viungo vya mwili na namna ya kukataa kuguswa. Mapitio yaliyofanywa mwaka 2012 yalionyesha kuwa watoto wenye ulemavu hufanyiwa ukatili takriban mara 3.7 zaidi ya wenzao, kwa hiyo kuona aibu hapa ni gharama tusiyoweza kuilipa.

Mtandaoni wanauza dawa ya kuponya usonji. Ni kweli?

Si kweli. Hakuna dawa inayoondoa usonji. Zile za kusafisha madini mwilini zimewahi kuua. Mtoto wa miaka mitano alikufa Marekani mwaka 2005. Zipo dawa za hospitali za kifafa, usingizi au wasiwasi, na hizo ni za daktari kukuandikia.

Watafiti wamekuja mtaani wanataka mwanangu ashiriki. Nikubali?

Utafiti wa Pwani umetusaidia sana. Mradi wa vinasaba uitwao NeuroDev, kwa mfano, unafanyika Kilifi na Cape Town, kwa sababu vinasaba vya Waafrika vilikuwa vimeachwa nje ya hesabu kwa muda mrefu. Lakini uamuzi ni wako. Waombe barua ya idhini ya kamati ya maadili. Wakusomee fomu kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani kwenu, hadi uelewe. Waulize damu au mate yatahifadhiwa wapi, nani ataona jina lake, na kama mtaelezwa matokeo. Waulize pia mtoto akigunduliwa ana tatizo watampeleka wapi. Unaweza kukataa, au kukubali kisha ukajitoa, na matibabu yake hospitalini hayapaswi kuguswa kwa sababu hiyo. Na mtoto mwenyewe akiukunja mkono au akigeuka kuondoka, mtafiti aache kwa siku hiyo.